Kilo za Mbusa na Miguu ya Baba

Beni, 20 Januari 2002

Yaya Kavira, dada yangu mpendwa,

Barua hii ikukute mzima pale Butembo, mtaani Vulamba, wewe na Mama, na ile mashini yako ya kushona ambayo mlio wake nausikia hata nikiwa usingizini. Hapa Beni mvua imekatika, vumbi limepanda, muhogo umejaa sokoni. Issaka dereva, huyu anayekuletea bahasha, amepata mtoto wa kike. Mpongeze, lakini usimpe pombe yetu ya kasiksi, yeye ni Mwislamu na mimi sitaki barua zangu zianze kupotea. Mimi mdogo wako ni mzima. Nina njaa tu.

Si kwamba chakula hakuna. Chakula nakitunza mimi mwenyewe, ufunguo wa depo ya kambi uko mfukoni mwangu. Lakini unajua mwaka wa tatu huu natafuta nyota ya luteni, na kila mwaka mizani inanirudisha. Walimu wa kijeshi waliotoka mbali wamesema ofisa ni mtu wa kutembea msituni, na mtu wa kutembea msituni hapiti kilo tisini. Mwaka wa kwanza nilikuwa na mia moja na kumi na nane. Mwaka jana mia moja na sita, na askari wadogo wakaniita Adjudant Tumbo mbele ya mstari. Nilicheka nao. Usiku sikucheka.

Sasa wamesema mwaka huu ni wa mwisho. Atakayepita kilo hizo tena atarudisha sare na kwenda kwao. Yaya, nirudi Butembo nifanye nini? Niliingia jeshini ndevu hazijaota vizuri. Kazi nyingine siijui. Kwa hiyo nakula mara moja kwa siku, na kabla jua halijachoma nakimbia mpaka njia ya Mutwanga na kurudi. Mpishi wangu Ananie, yule mrefu mwembamba niliyekuandikia habari zake, ananipikia maharagwe bila mafuta. Yeye mwenyewe anakula bugali ya watu wawili na hanenepi hata kidole. Mungu hakugawa sawa.

Niombee, na mwambie Mama aniombee pia, lakini usimwambie kwa nini.

Mdogo wako,
Mbusa


Butembo, 11 Februari 2002

Mbusa, mdogo wangu,

Barua tuliipata, na Mama aliibusu kabla hata haijafunguliwa. Yeye ni mzima, magoti tu ndiyo yanamsumbua kwa sababu ya baridi hii ya kwetu. Mjomba Syauswa anakusalimu. Ameuza vitunguu na sasa anasema na watu kwa sauti ya tajiri. Mimi nashona sare za shule mpaka vidole vinaota mashimo.

Mama aliuliza kwa nini tukuombee. Nikasema kwa ajili ya amani ya nchi. Akanitazama kama mtu anayesikia harufu ya kitu kinachoungua. Unajua macho yake.

Sasa tuseme kweli. Wewe umekuwa mnene tangu ubatizo wako. Padri alilalamika mkono. Kila mwaka unaniandikia kwamba unafunga chakula, na kila mwaka suruali unazoniletea nizipanue. Safari hii unakimbia? Wewe? Mimi naona kuna kitu. Kama ni dawa ya mtu fulani unakunywa, iache leo. Hapa Vulamba kijana mmoja alikonda kwa dawa za kunywa, watu wakaanza kupita mbali na nyumba yao wakinong'ona juu ya ugonjwa, na kumbe alikuwa anatafuta kumpendeza mchumba tu.

Tena nasikia mnapimwa kwenye mizani ya mnunuzi wa kahawa, kwa sababu ile ya kambi imeharibika. Issaka amenieleza huku akicheka. Umesahau mizani hizo? Baba alikuwa anapeleka gunia la kilo sitini, mizani inasema arobaini na nane, na mnunuzi anaapa kwa Bikira Maria. Kama itakuibia kilo kama ilivyomwibia Baba, basi kwa mara ya kwanza wizi huo utusaidie. Lakini nina mashaka nayo. Nina mashaka na wewe pia, nakwambia mapema.

Nakutumia ndizi za makemba na samaki wakavu wa Vitshumbi. Kula, ee. Afadhali mdogo mnene nyumbani kuliko luteni mwembamba msituni.

Dada yako,
Kavira


Beni, 29 Aprili 2002

Yaya,

Shangilia! Piga vigelegele mpaka Mjomba Syauswa aamke! Mizani imesema themanini na nne. Themanini na nne, Yaya, na mwalimu mwenyewe aliandika, na jina la Mbusa limesomwa mbele ya watu wote kati ya wale waliopita. Habari nyingine sina, na salamu zangu ni hizo.

Komanda wangu amefurahi. Kwenye sherehe kila aliyepita lazima avae sare mpya inayomkaa vizuri, na hapa mafundi wanashona kama watu wanaofunga mizigo. Kwa hiyo nakutumia kitambaa, na kamba ya mgomba tuliyozoea. Toka mwanzo wa kamba mpaka fundo la kwanza ni tumbo. Toka fundo la kwanza mpaka la pili ni mguu, kutoka kiunoni hadi kisigino. Shona kwa kufuata kamba, usifuate kumbukumbu, maana nimebadilika sana. Mpe Issaka kabla ya Pentekoste.

Usije kwenye sherehe. Barabara ni mbaya, na Mama asiachwe peke yake. Wala usimtume Mjomba. Nitakuja mwenyewe siku nikipata ruhusa.

Samaki walikuwa watamu. Ananie aliwala wengi.

Mbusa


Butembo, 15 Mei 2002

Mbusa,

Hapa wote ni wazima. Mama alilia kwa furaha, halafu akaniuliza, “Sasa atapelekwa wapi?”

Sare iko mikononi mwa Issaka. Nimeshona kwa kufuata kamba kama ulivyotaka, kila nukta. Lakini nilipoinyoosha ile kamba juu ya meza nilikaa chini. Tumbo kupungua, sawa, nakubali, watu hufunga chakula wakakonda. Mguu, je? Mguu huu umepita wako kwa shubiri nzima. Mbusa, katika ukoo wetu wote tuna miguu ya Baba. Tangu tukiwa wadogo watu wa sokoni walitutania kwamba tumeketi hata tukisimama. Sijawahi kukushonea suruali bila kubakiza kitambaa cha kutosha kofia ya mtoto. Safari hii hakikubaki kitu. Uliota miguu kwa maharagwe yasiyo na mafuta?

Kuna jingine. Hadjara, dada yake Issaka, yule anayeuza mchele wa jumla huko kwenu, alikuja Butembo kuchukua mzigo. Nikamwuliza kama amekuona ulivyokonda. Akacheka. Akasema, “Mbusa wa depo? Nilimuona juma hii. Mashavu yake iko palepale. Alikuwa anatoka jasho sababu ya kufunga kamba ya viatu.”

Mimi nilimsindikiza nikicheka naye. Lakini lisemwalo lipo. Nieleze, mdogo wangu, na unieleze vizuri: nimemshonea nani sare?

Kavira


Beni, 18 Juni 2002

Kwa Yaya Kavira,

Salamu kwa wote. Nimeipokea sare, imekaa vizuri, ahsante.

Sikupenda maneno yako. Kamba ya mgomba ikilowa hunyooka, kila mtu anajua, na siku ile mvua ilinyesha. Na Hadjara ni mfanyabiashara, amezoea kuangalia magunia, akiona mtu anaona gunia. Ninyi wanawake wa Butembo mkikosa la kusema mnawapima watu miguu. Miaka yote mlinicheka kwa sababu ya tumbo. Leo nimefaulu, na bado furaha yenu ina miiba. Imeniuma, Yaya. Nakwambia wazi imeniuma.

Wote waliopita wanatumwa vitani, upande wa barabara ya Mambasa, mara moja, hata nyota hazijashonwa mabegani. Hatukulitegemea jambo hilo. Kwa hiyo usiandike kwa sasa, barua zitapotea.

Ananie hayuko tena jikoni. Amekwenda kwao Mutwanga kumwona mkewe Rébecca.

Mbusa


Butembo, 2 Oktoba 2002

Mbusa,

Ulisema nisiandike. Naandika.

Sisi ni wazima, Mama anaamka alfajiri kusali rozari na kuniuliza kama gari la Issaka limeingia. Issaka anasema kambini wanasema uko vitani. Mwezi uliopita nilituma kikapu cha maharagwe kwa jina lako, nikamwambia akiache mlangoni pa depo. Kikapu kilirudi kitupu, kimeoshwa, na kifuniko kimefungwa kwa lile fundo ambalo Baba alitufundisha wewe na mimi tu.

Basi nani anafunga vikapu depo, na nani yuko msituni?

Tena mke wa Ananie ametuma watu kuniuliza. Rébecca anasema mumewe hajafika Mutwanga hata siku moja tangu mwaka uanze. Kwa nini ulisema yuko kwake? Anangoja. Mimi pia nangoja.

Kavira


Beni, 24 Novemba 2002

Yaya wangu,

Sijui barua hii itakukuta katika hali gani. Najua nini kimewafikia. Usilie. Mwambie Mama polepole, akiwa ameketi: mimi ni hai. Ni mimi Mbusa ninayeandika. Siwezi kueleza kwa karatasi. Aliyezikwa si mimi.

Usimwonyeshe mtu barua hii. Ichome.

M.


Butembo, 9 Desemba 2002

Wewe unayeandika kwa mwandiko wa ndugu yangu,

Sina salamu za kukupa, maana sijui namsalimu mtu gani. Habari za nyumbani nitakupa, kama wewe ni wetu utazielewa, na kama ni mwongo unayenivuta nije Beni uninyang'anye mashini, utajua kwamba nyumba hii imekwisha kulia na haina kingine.

Askari walikuja siku ya kwanza kutoa habari tu. Adjudant Mbusa ameanguka kwenye barabara ya Mambasa, kesho mwili unakuja. Mjomba Syauswa akaenda kwa seremala usiku huohuo. Seremala anatufahamu, hakuhitaji kupimiwa. Akatengeneza sanduku la ukoo wetu: pana na fupi. Alipasua mbao mbili za mlango kuongeza upana.

Kesho yake gari likaja. Mwili ulikuwa umefungwa ndani ya turubai, na askari akasema, “Hapana fungula uso. Haiko muzuri.” Tukaanza kumweka sandukuni. Hakuingia, Mbusa. Mabegani kulibaki nafasi ya mtu mwingine kulala, na miguu ikatoka nje mpaka chini ya goti. Wanaume wakatazamana. Mjomba akasema kwa sauti, “Kifo inanyorosha mutu,” na wote wakaitika ndiyo, ndiyo, inanyorosha, kwa sababu walitaka sana iwe hivyo.

Mimi niliona upindo wa suruali. Ni mshono wangu. Ni ile sare ya kamba ndefu, ambayo hakikubaki kitambaa. Nikajua pale pale kwamba simjui mtu huyu. Lakini Mama alikuwa amekwisha kumlalia kifuani, amemwita kwa jina lako la utotoni mara nyingi, na watu wote wa Vulamba wako uani. Nikapiga magoti nikakunja miguu ya yule mtu kwa mikono yangu hii, nikaibana upande, sanduku likafungwa. Nikamzika chini ya msalaba wenye jina lako. Tangu siku hiyo Mama hali, anagusa chakula tu ili nisiseme.

Barua yako sijamwambia. Nikimfufulia mtoto halafu iwe uongo, nitakuwa nimemuua mimi. Mwandiko mtu anaweza kuuiga. Kama wewe ni Mbusa, tuma kamba. Fundo la tumbo na fundo la mguu. Na safari hii usiseme mvua.

Kavira


Beni, 6 Januari 2003

Yaya Kavira,

Kamba hiyo. Nimeifunga mwenyewe, Hadjara ameshika upande mmoja. Niko kwake, nyuma ya magunia ya mchele. Nje ya kambi ni yeye peke yake ambaye hakudanganyika, na ni yeye aliyenipa pa kulala.

Sasa nasema, maana umemkunja kwa mikono yako na mimi sina haki tena ya kunyamaza. Nilijaribu, Yaya. Hilo amini. Nilikimbia, nilifunga chakula, nililala nikiota makemba. Siku moja kabla ya kupimwa nilikwenda kwenye ile mizani ya kahawa kwa siri na ikasema tisini na saba. Kilo saba! Baada ya miaka mitatu! Nilikaa juu ya magunia nikalia, na Ananie akanikuta hapo.

Walimu wa safari hii walikuwa wapya, hawakutujua sura, walikuwa na majina tu. Nikamwambia, kesho nikiitwa, panda wewe. Nilimwahidi kwamba nikiwa luteni atachukua ufunguo wa depo na kumleta mkewe Beni. Hakufikiri sana. Komanda alituona, akafumba macho na kuwafunga askari midomo, kwa sababu hakutaka kupoteza mtu wake wa depo. Ananie akapanda mizani akiitwa Mbusa, akashuka amefaulu. Halafu ilibidi yeye ndiye avae sare na kusimama kwenye sherehe, kwa hiyo kamba ile ilikuwa ya mwili wake. Nilijua utauona mguu. Nikajidanganya kwamba hutauona.

Tulidhani baada ya sherehe kila mtu atarudi kwa jina lake. Ikaja amri ya kuondoka siku ileile. Kama tungesema kweli tungefungwa wote wawili, labda tungepigwa risasi. Yeye ndiye alinituliza mimi. Alisema, “Chef wangu, hapana ogopa. Nitaenda juma mbili, halafu nitarudia.” Akapanda gari. Miguu yake ilining'inia nje, hapakuwa na nafasi. Komanda akaniambia, wewe sasa hauko hapa. Nikakaa ndani ya depo miezi, nafungua na kufunga kwa kisiri, nakula maharagwe ya kikapu chako huku nikikuandikia moyoni. Alipokufa, komanda akasema maiti haichukui posho, akanitoa nje usiku.

Njia ya mwongo ni fupi, Baba alisema. Yangu ilikuwa na urefu wa barabara ya Mambasa, na si mimi niliyeitembea.

Sijui nifanye nini. Niambie.

Mbusa


Butembo, 20 Januari 2003

Mbusa,

Mama anakusalimu. Sasa naweza kuandika hivyo.

Niliinyoosha kamba juu ya meza. Mguu ni wa Baba, mfupi kama kisingizio. Nilicheka, halafu nikalia, halafu nikampelekea Mama. Akaipima kwa mkono wake akasema, “Ule ni mutoto wangu.” Akaomba uji. Alipokwisha kunywa akauliza, “Na ule mwingine, mama yake iko wapi?” Ndivyo alivyo.

Lakini niliangalia na fundo la tumbo. Nikalipima mara mbili kwa sababu sikuamini. Mdogo wangu, umekonda kweli. Umefika. Kama wale walimu wangekuja leo na mizani yao, ungepita, na kilo zingine zingebaki za kumgawia jirani. Nimekasirika nawe kiasi kwamba sindano imenichoma mara nyingi leo, na bado nataka kukupikia.

Unaniuliza ufanye nini. Nimekushonea suruali kwa kamba hii mpya, ya kitambaa cheusi, si ya kijeshi. Ivae, uende Mutwanga. Rébecca anafikiri mumewe yuko hai na amempata mwanamke mwingine, watu wameshamchoma masikio. Mwambie wewe, kwa mdomo wako, ukiwa umesimama mbele yake. Sitamtuma Issaka wala katekista. Ulikula jina lake, kapeleke habari zake.

Siamini kwamba utakwenda. Nakwambia ukweli. Nitaamini ukiniandikia kutoka huko.

Kavira


Mutwanga, 8 Februari 2003

Yaya,

Nilikuja juu ya pikipiki, nimejificha uso kama mwizi. Suruali imenikaa vizuri. Hadjara alinipima kwanza kwenye mizani ya mchele: themanini na moja. Hakuna aliyepiga makofi.

Rébecca alikuwa anaanika kahawa. Ni mwanamke mdogo, mfupi kama sisi. Nilisema yote nikiwa nimesimama, tangu mizani mpaka turubai. Alinisikiliza huku mikono ikiendelea kueneza kahawa, nikadhani hanisikii. Nilipomaliza akaniuliza yuko wapi. Nikasema Butembo, chini ya jina langu, katika uwanja wa ukoo wetu.

Nilitegemea anitukane. Nilitaka anitukane. Akasimama, akanipeleka ndani akanionyesha kitanda chao. Upande wa miguu ameunganisha ubao na gunia, kwa sababu mumewe hajawahi kutoshea kitanda chochote tangu wafunge ndoa. Halafu akaniuliza, “Miguu yake iliingia mu sanduku?”

Yaya, sikuweza. Nilitoka nje. Mpaka leo sijamjibu, na kila asubuhi ananiwekea uji na kuniuliza tena, bila hasira, neno kwa neno. Nimjibu nini? Nikisema ndiyo atafurahi kidogo, na atajua ni uongo. Nimechoka na uongo, lakini huu peke yake nautamani.

Mbusa


Butembo, 17 Februari 2003

Mbusa,

Nisalimie Rébecca kwanza, kisha Mutwanga yote.

Mwambie haikuingia. Mwambie tulijenga sanduku kwa kipimo cha mtu mwingine, na ni mimi niliyekunja magoti yake, na kwamba alikuwa amevaa sare iliyoshonwa vizuri, maana niliishona mimi bila kubakiza kitu. Mwambie pia kwamba alililiwa. Mama yetu alimlilia kama mtoto wake, na machozi yale hatutayadai.

Nimekwenda kwa padri, nimemweleza. Nimekwenda kwa seremala. Sanduku jipya liko tayari sebuleni kwangu, refu mpaka mlango haufungwi, watoto wa jirani wanauliza ni la twiga gani. Mjomba Syauswa anakataa kuamini, anasema bado kwamba kifo hunyoosha. Jumamosi baada ya misa tutamtoa Ananie tumnyooshe, na msalaba wenye jina lako utang'olewa. Mpya umeandikwa.

Unaelewa maana yake. Jina lako likitoka pale, Vulamba yote itajua kwamba u hai, na kabla ya Jumapili kambi ya Beni itajua. Nyuma ya Mutwanga kuna milima, na nyuma ya milima kuna nchi ya watu wengine. Ukitaka kukimbia, wakati unao, na sasa una mwili wa kukimbia. Mama amesema tusikulazimishe. Mimi nilitaka kukulazimisha.

Kama utakuja, njoo na Rébecca, mwache yeye atangulie kushuka garini. Watu watakuwa wengi na kila mtu atasema amekutambua. Usinipigie kelele kutoka mbali. Nimedanganywa sana mwaka huu. Nitaangalia miguu kwanza, kisha uso.

Kavira